Land Rover 109 ya kila siku: usuke injini yake, ufunge Tdi, 3L ya Hiace au TD27?

Wakuu, swali hili limeniganda miaka mingi. Mtu ana Land Rover Series III 109 aliyoachiwa na mzee, chesisi nzima, bodi ya alumini haijaoza, ila injini imechoka kabisa, inakunywa oili kama inakunywa petroli, na yeye hataki ikae chini ya mwembe ikawa nyumba ya kuku. Anataka kuiendesha, apeleke watoto shule, aende kazini, Jumamosi ashuke nayo shambani arudi na magunia. Sasa afunge injini gani?

Naongelea gari ya kila siku tu, ya maonyesho ina hesabu zake. Gari ya kila siku Jumatatu saa 12 asubuhi inatakiwa iwake, na ikigoma uwe unajua nani wa kumpigia simu na spea utaipata wapi kabla ya jioni.

Nitalinganisha nne ambazo nimeziona kwa macho na kuzipanda: kuisuka upya ile ile ya petroli ya 2.25, 200Tdi ya Land Rover wenyewe, Toyota 3L (na ndugu yake 5L), na Nissan TD27. Za umeme kama 1KZ-TE na 1KD nimeziacha makusudi. Siyo mbaya, ila ukiingiza kompyuta na wayaringi yake kwenye gari ya 1975 umeongeza tatizo ambalo fundi wa kijijini hawezi kulitatua kwa spana. Hizi nne zote zinaelewana na spana.

Vitu nitakavyoviangalia

Kwanza inaingiaje, yaani utakata nini, utachomelea nini, na inakutanaje na gia boksi ya Land Rover. Pili nguvu, tena nguvu pale unapoishi, maana injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Tanga na mtu wa Karatu hawaishi dunia moja. Tatu spea na mafundi. Nne mafuta na matunzo. Halafu kila moja nitasema inamfaa nani.

Jambo moja linazigusa zote: mwendo. 109 ina difu za uwiano wa 4.7, na kwa matairi ya 7.50-16 ukiwa gia ya nne kwenye 80 kwa saa injini inazunguka karibu 2,900. Kwa petroli ya zamani hiyo ni kawaida, kwa dizeli ambayo mwisho wake ni 4,000 na kitu ni kelele mfululizo. Kwa hiyo injini yoyote utakayofunga, usitegemee kukimbizana na Noah barabara ya Moshi. Ukipata ovadraivu ya Fairey (gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini) ikiwa nzima, inunue hata kama bado hujaamua injini.

Petroli ya 2.25, kuisuka upya

Kuingia: haina cha kuingia, ipo tayari, na hilo watu wanalichukulia poa sana. Hukati kitu, hubadilishi namba ya injini kwenye kadi, breki, klachi, rejeta na waya vyote vinabaki kama kiwanda kilivyoviweka.

Nguvu: cc 2,286, farasi 70 na ushee, torki kama Nm 168. Kwa tambarare inatosha, kwa mlima unashuka gia mapema unatulia. Arusha kwenye mita 1,400 utasikia imepungua, na ukipanda mpaka ukingo wa Ngorongoro kwenye mita 2,300 hivi utaenda na gia ya pili huku malori yanakusalimia.

Spea na fundi: hapa inategemea una nani. Fundi mzee aliyekulia kwenye hizi injini anaisuka usiku na tochi mdomoni, kijana wa leo anaweza asijue hata kuseti vyuma vya pointi. Pistoni, ringi, beringi na gasketi bado zinapatikana, ila uchague, kuna zenye boksi zuri na chuma kibovu. Taimingi yake ni ya cheni, kwa hiyo habari ya mkanda kukatika sahau. Ukiifanyia ovahoo mwambie fundi aweke siti ngumu za valvu za moshi, maana injini hii ilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi na kwetu risasi iliondolewa tangu 2006. Kabureta ya Zenith ikishapinda usipigane nayo, weka Weber uendelee na maisha.

Mafuta: hapa ndipo panapouma. Kilomita 5 hadi 6 kwa lita, ukiwa na mzigo chini ya hapo. Kwa anayetembea kilomita 60 kwa siku hesabu inakataa kabisa.

Inamfaa nani: anayetembea kidogo, anayeishi chini karibu na pwani, anayependa gari ibaki ilivyozaliwa, na mwenye fundi mzee aliye hai na mwenye nguvu. Pia mtu ambaye hela ya kubadili kila kitu hana, maana ovahoo unaweza kuifanya kidogo kidogo, leo silinda hedi, mwezi wa sita ringi.

200Tdi

Kuingia: hii ni damu yao. Ilitoka 1989 kwenye Discovery, mwaka uliofuata ikaingia Defender, na imetokana na ukoo wa injini hizo hizo za zamani, kwa hiyo inakutana na gia boksi ya Series bila adapta pleti, marekebisho ni madogo. Angalia tu imetoka gari gani. Ya Defender tabo iko juu inakaa vizuri. Ya Discovery tabo imekaa chini inagombana na chesisi na maunti (vishikizo vya injini), itabidi utengeneze. Kuna wanaoiondoa tabo kabisa na kuweka manifodi ya kawaida, gari inakuwa rahisi na gia boksi inapumua, lakini umetupa sehemu kubwa ya kilichokufanya uitake. 300Tdi iliyofuata 1994 ina cc zile zile 2,495 na nguvu zile zile, ila maunti na vifaa vya pembeni vimehama, kwa hiyo kazi ya kuchomelea inaongezeka.

Nguvu: farasi 111 na torki Nm 265 kwenye mzunguko 1,800 tu, yaani ukigusa inaenda. Na tabo ndiyo dawa ya milima, juu huko wenzako wasio na tabo wanakohoa moshi mweusi wewe unapanda. Lakini jamani, gia boksi ya Series haikutengenezewa nguvu hii, na hafu shafti (zile zinazopeleka nguvu kutoka difu hadi magurudumu) ndiyo zinalia kwanza. 109 ya Series III nyingi zina eksili ya nyuma ya Salisbury ambayo ni ngumu, ila angalia kwa macho yako maana miaka 40 ni mingi, unaweza kukuta mtu alishabadilisha. Usiachie klachi kwa pupa ukiwa na mzigo kwenye tope, hiyo ndiyo bima yako.

Spea na fundi: Arusha hujambo. Kampuni za utalii zimeendesha Defender za Tdi miaka na miaka na mafundi wa mtaa wa Unga Limited wanazijua kwa kusikiliza tu. Ukitoka kanda ya kaskazini mambo yanabadilika, pampu ya maji unaweza kuisubiri na basi siku mbili. Silinda hedi ni ya alumini, ikichemsha mara moja vibaya imepinda, kwa hiyo rejeta na feni visiwe vya kubahatisha. Taimingi ni ya mkanda, na kwa vumbi letu usisubiri kitabu kinavyosema, fungua kifuniko mapema uukague mkanda.

Mafuta: kilomita 9 hadi 10 kwa lita kwa mwendo wa adabu. Ni dizeli ya sindano ya moja kwa moja, asubuhi ya baridi inawaka haraka kuliko hizo mbili zinazofuata.

Inamfaa nani: anayeishi mlimani, anayesafiri mbali, anayetaka Land Rover ibaki Land Rover chini ya boneti, na mwenye uwezo wa kununua injini inayojulikana historia. Hilo la mwisho ni muhimu, maana 200Tdi nzima zimekuwa adimu na inayouzwa bei ya chee mara nyingi imeshachemsha.

Toyota 3L na 5L

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo wengi wanachagua na ndipo wengi wanapoumia.

Kuingia: 3L haikutani na gia boksi ya Land Rover mpaka utengeneze adapta pleti katikati ya injini na belhauzi (lile ganda la klachi mbele ya gia boksi), flaiwili ichaguliwe vizuri, na bushi ya katikati ya krankshafti ikerezwe ilingane na shafti ya gia boksi. Mafundi wetu wanaiweza kazi hii, nimeona pleti zilizokerezwa vizuri mpaka unafurahi. Ila nimeona na nyingine. Ya kwangu ya kwanza ilikatwa kwa gesi, ikatobolewa kwa kukadiria na ile gasketi ya zamani, ikafungwa, gari ikawaka ikatembea na wote tukapiga makofi. Baada ya miezi mitatu gia ya kwanza ikaanza kugoma kuingia, halafu mlio kama wa kusaga karanga nikikanyaga klachi, kufungua tukakuta beringi ya mbele ya gia boksi imekwisha na klachi pleti imekatika katikati. Sababu ni kwamba kitovu cha injini na kitovu cha gia boksi vilipishana kidogo tu, chini ya unene wa kucha, lakini kila mzunguko ule mpishano unaisukuma shafti pembeni, na kwa mizunguko 2,900 kwa dakika beringi haina pa kukimbilia.

Kwa hiyo kabla ya kulipa muulize fundi swali moja: utapima vipi kitovu? Akikuambia ataweka saa ya kupimia kwenye flaiwili aizungushe asome sindano kwenye tundu la belhauzi, huyo kaa naye. Akikuambia "hiyo itajipanga yenyewe tukikaza bolti", mshukuru na uondoke.

Kingine ni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Injini ya Hiace nyingi zimetoka kwenye gari isiyo na difu mbele, sampu yake inaweza kugongana na eksili ya mbele ya Land Rover springi ikilala. Tafuta sampu na pikapu ya oili ya Hilux fowili, na kabla ya kuchomelea maunti shusha gari mpaka springi ziguse mwisho ndiyo upime nafasi. Na difu ya mbele ya Land Rover iko upande wa kulia, kwa hiyo wale wanaotaka kuleta gia boksi na transfa ya Toyota nzima nzima wakague kwanza shafti ya mbele inatokea upande gani, na propela zote mbili zitabadilika urefu.

Usisahau breki. Dizeli haina mvuto wa hewa kama petroli, busta ya breki inategemea pampu ya vakyumu, na kwenye hizi Toyota pampu hiyo imekaa nyuma ya oltaneta. Fundi wa umeme akikubadilishia oltaneta akaweka ya gari ya petroli kwa sababu "inachaji vizuri zaidi", busta imekufa, na 109 yenye dramu nne na mzigo bila busta ni kesi. Hili linahusu TD27 pia. Tdi pampu yake iko kwenye injini, haichezewi hovyo.

Nguvu: 3L ni cc 2,779, farasi kama 91 na torki Nm 188, 5L ni cc 2,986 na inazidi kidogo tu. Ukitoka kwenye petroli ya 2.25 unaona tofauti hasa ukiwa na mzigo, lakini haina tabo, kwa hiyo Arusha zile farasi 91 zimebaki 78 hivi. Inapanda polepole lakini haichoki. Gia boksi na hafu shafti zinaishi nayo kwa amani, na hili mimi nalihesabu kama faida.

Spea na fundi: hakuna wa kushindana nayo. Kariakoo mtaa wa Gerezani, Nairobi barabara ya Kirinyaga, mpaka duka la pembeni ya stendi ya wilaya utakuta fani beliti, nozeli, gasketi. Kila mji uliowahi kuwa na Hiace za abiria una fundi aliyeisuka 3L kwa mkono wake. Injini za mtumba zinashuka kwa wingi kutoka Japani na Sharjah. Taimingi ni ya mkanda, Toyota anataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kwenye Hilux taa ya dashibodi inakukumbusha, kwenye Land Rover hakuna wa kukukumbusha, andika kilomita kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha mkanda siku unapoufunga. Ukikatika valvu zinakutana na pistoni.

Mafuta: yangu inafanya kilomita 8 hadi 9 kwa lita, mjini inashuka.

Inamfaa nani: anayeishi popote pale ambapo Land Rover siyo gari ya kawaida, anayeitumia gari kutafuta riziki, asiye na haraka, na mwenye fundi kerezaji wa kuaminika. Bila huyo kerezaji, subiri kwanza.

Nissan TD27

Kuingia: kazi ile ile ya pleti, kitovu na sampu, sirudii. Ni nzito na ndefu kidogo ila boneti ya 109 ina nafasi, kumbuka kiwandani kuna zilizotoka na silinda sita.

Nguvu: cc 2,663, farasi 85 hivi, torki Nm 175 hivi, yaani iko nyuma kidogo ya 3L na kwenye usukani utaona ni ndugu. Kuna ya tabo, TD27T ya Terrano, hiyo mlimani ni habari nyingine, lakini kagua pampu ya dizeli kabla hujalipa maana kuna TD27 zilizokuja na pampu inayoongozwa na umeme.

Spea na fundi: Kenya hii ilibeba matatu za Caravan miaka mingi mpaka watu wakaita matatu yoyote "nissani", kwa hiyo upande wa Mombasa, Nairobi, na huku mipakani Namanga na Holili, mafundi wapo. Tanzania bara zinapatikana ila siyo kila kona kama 3L, na kila mwaka naona zinapungua barabarani.

Matunzo: taimingi yake ni ya gia, chuma kwa chuma, hakuna mkanda wa kubadilisha wala wa kukatika. Kwa gari inayolala porini au inayoendeshwa na watu watatu tofauti ambao hakuna anayeandika kilomita, hiyo ni amani kubwa. Kelele zake ni za trekta kidogo. Mafuta ni kama 3L.

Inamfaa nani: mwenye gari ya shamba, ya shule, ya parokia, gari ambayo haina mwenyewe mmoja, na anayeishi karibu na Kenya.

Makaratasi

Namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini Tanzania nenda TRA (mamlaka ya mapato) ubadilishe taarifa, Kenya ni NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) na gari itakaguliwa. Chukua risiti ya injini yenye namba yake na jina la muuzaji, maana injini isiyo na asili inaweza kuwa imetoka kwenye gari ya wizi na wewe ndiye utakayeulizwa. Ukitoka petroli kwenda dizeli hakikisha aina ya mafuta nayo imebadilishwa, na bima uwaambie kwa maandishi.

Sasa uko upande gani?

Uko pwani, unatembea kilomita 10 kwenda kazini na Jumapili kanisani au baraza la jamaa: isuke petroli yako, hela uliyookoa kwenye pleti na kuchomelea itanunua mafuta ya muda mrefu.

Uko Arusha, Karatu, Mbulu, Iringa, unapanda na kushuka kila siku na hela ya injini nzima unayo: Tdi, ikiwa Arusha hasa. Iringa ningefikiria mara mbili kwa ajili ya spea, pengine TD27T au 3L na subira.

Gari ndiyo riziki, inabeba magunia Kilosa au Sumbawanga, ikilala siku moja nyumbani hakuna hela: 3L, na adapta ikerezwe na mtu anayepima.

Gari ya taasisi, madereva wanapokezana: TD27 ya pampu ya kawaida.

Na kama chesisi imeanza kutoboka nyuma ya springi, au kibuyu cha eksili ya mbele kinavuja mpaka breki zimelowa grisi, injini bado usinunue. Tengeneza hivyo kwanza, breki zote nne mpya, springi, stelingi isiyocheza. Wakati fundi anafanya hayo zunguka gereji za mtaa wako uhesabu ni injini zipi zimefunguliwa mezani wiki hiyo, halafu uje na jina.